Stoo na Kompyuta Isiyo na Mlango

Wamekuja tena hawa wanaokusanya habari za watu wa kawaida. Wanataka niwaandikie habari ya mmoja. Nimewaambia mkono wangu ni mzito na shule niliionea dirishani, wakasema haidhuru, andika kama unavyoongea. Kama ninavyoongea! Nikiongea humu ndani kila mtu anakumbuka ana kazi nje, nikiandika ndiyo wananitaka. Na mtu mwema hawamtaki, eti wema hausomeki. Basi nawapa mdogo wangu. Wa kawaida kumpita yeye sijamwona, ingawa ukimwambia hivyo atakununia mpaka chakula kipoe. Kichwa chake nakijua tangu hakijaota nywele, na nakijua sasa zilipokwisha. Kwa hiyo nikisema aliwaza hili na lile, asiniulize mtu nimejuaje.

Jina lake analo, lakini tangu ujana anaitwa Stoo, kwa sababu umri wake wote wa kazi uliishia ndani ya stoo ya vipuri kwenye gereji ya mabasi. Chumba kirefu, harufu ya grisi, taa moja, rafu kutoka sakafuni mpaka darini. Katika stoo za watu wenye akili, bolti hukaa na bolti, beringi na beringi. Ya kwake hapana. Beringi za magurudumu ya nyuma alizificha nyuma ya makopo ya rangi, fenibelti chini ya mlango wa basi lililokufa, plagi za injini ndani ya boksi lililoandikwa "Majani ya Chai". Fundi akija na haraka zake hapati kitu mpaka Stoo ainuke kitini, ajikune, atafute miwani iliyo usoni kwake, aseme, "Ngoja." Lile "ngoja" lilimnenepesha kuliko mshahara. Akiugua, mabasi yanalala. Na yeye, kitandani na homa yake, anatabasamu.

Siku walipomstaafisha alirudi nyumbani akakaa karibu na simu, akingoja waje kumlilia. Hawakuja. Walimweka binti mmoja mwenye kopo la rangi na brashi. Akamwaga kila kitu chini, akakipanga upya, akaandika majina kwenye rafu kwa herufi za kuonekana kutoka mlangoni. Mabasi yakaendelea kutembea kana kwamba Stoo hakuzaliwa. Mtu mwingine hapo angepata funzo. Stoo alipata vidonda vya tumbo.

Sasa, jengo tunalokaa ni la ghorofa. Ngazi zake za saruji zimelika katikati kama sabuni ya kufulia, na kuta za ngazini zina alama za mabega ya watu waliobeba makabati. Lina kamati. Mwenyekiti wake ni dereva wa malori aliyepumzika, sauti yake ni honi mpaka leo. Akikuamkia asubuhi unatafuta pa kupisha. Na kamati ina katibu. Kile kiti cha katibu hakuna aliyekuwa anakitaka. Ni kubandika matangazo ukutani, kumwita fundi bomba, na kukumbusha watu wazima wafunge geti. Stoo akakirukia kama mtu aliyeona kiti kwenye foleni ya hospitali.

Tangu hapo akawa anashuka ngazi polepole kuliko magoti yake yanavyomlazimisha, ili akutane na watu wengi.

"Katibu, umeamkaje?"

"Katibu, fundi bomba vipi?"

Neno hilo likimwingia unamwona anarefuka. Anajikohoza, anasema, "Tunalishughulikia." Halishughulikii. Lakini bila lile neno katibu yeye ni mzee wa ghorofa ya pili anayekohoa, basi, na alilijua hilo vizuri sana. Kila mwaka ukikaribia mkutano wa kuchagua viongozi, anaanza kula kidogo na kutazama watu kwa pembe ya jicho. Hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kupoteza, kile kiti, na alikikalia kama kuku.

Kiti kilikuja na kompyuta. Si yake, nasema mapema: ya jengo. Mpangaji mmoja alipohama aliiachia kamati. Ilikuwa ya kukunja, nene kama tofali, na ilipewa Stoo aitunze nyumbani kwa sababu katibu ndiye mwandishi wa matangazo. Ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukajipaka mafuta, ukavaa, na bado inazungusha kale kaduara kake. Halafu siku moja ikatoa tangazo lake yenyewe kwenye kioo: kwamba haifai kuwekewa mfumo mpya, itafutwe nyingine.

Stoo aliposoma, masikio yalimsimama.

"Haifai!" akamwambia mkewe. "Unaona wanavyoniambia? Sifai!"

"Wamesema kompyuta," wifi yangu akajibu, anachambua mchele.

"Ni yale yale."

"Hilo umesema mwenyewe."

Akapanda kwa Mwenyekiti. Akamwambia amesikia kuna njia ya kuifanya mashine nzee iwe nyepesi, bila kununua chochote, anaomba ruhusa. Mwenyekiti akapiga honi yake: "Ifanye nyepesi! Ila ifanye kazi!" Watu wa ghorofa zote walisikia, kwa hiyo mashahidi wapo.

Nieleze kidogo, maana haya nimehubiriwa mpaka nikayajua bila kutaka. Kuna mfumo wa kompyuta unaitwa Linuksi. Haununuliwi. Unaupakua kwenye intaneti, unautia kwenye flashi, unaupachika kwenye mashine na ule wa zamani unaondoka. Ajabu yake ni kwamba injini yake ni kitu kimoja na sura unayoiona kwenye kioo ni kitu kingine. Sura unachagua mwenyewe. Zipo nzito, zenye madoido na vivuli, na zipo nyepesi za mashine zilizochoka. Leo unavaa hii, kesho unavua unavaa ile, na mwili uleule. Nilipomsikia akieleza hivyo nilidhani ni jambo zuri. Na ni jambo zuri, likiwa mikononi mwa mtu mwenye akili.

Haki yake nitampa, ni kidogo haitanifilisi. Mwanzo alifanya la maana. Aliweka sura nyepesi: ukanda chini, kitufe pembeni cha kufungulia orodha ya kazi, mafaili yamekaa kwenye folda zao kama watu kwenye benchi. Mashine ikaamka kama iliyofinywa. Hakuna kaduara, hakuna kwenda kuoga. Wifi yangu, ambaye alikuwa anaiita "hilo jeneza lako", aliikalia siku moja mumewe akiwa msalani, akaandika tangazo la geti, akalitoa kwenye printa, akashuka nalo akalibandika.

Stoo akatoka, akalikuta liko ukutani.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Umefunguaje?"

"Nimebonyeza panaposema fungua."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini, na pameandikwa?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipomrudi. Mwanamke kaja na mikono yenye unga, kakaa, kafungua, kaandika, kaondoka. Hakuna aliyesema "ngoja". Usiku hakula. Asubuhi akaanza kuivua mashine.

Alianza na ule ukanda wa chini. Akasema unakula nafasi. Nafasi ya nini, wakati kioo chote kinaandika tangazo la mistari mitatu? Akauondoa. Kisha vile vipicha vya mafaili. Akasema ni uchafu, kioo safi kisiwe na kitu. Kisha kile kitufe cha orodha. Sasa ukitaka kitu unabonyeza kitufe hiki na kile na hiki kwa pamoja, vidole vimekaa kama vya mpiga kinanda mwenye baridi yabisi. Vitufe gani? Anavijua yeye. Aliviamua mwenyewe, na kwa namna yake: kufungua picha ni herufi isiyohusiana na picha, kuandika ni herufi isiyohusiana na kuandika. Plagi za injini zimeingia kwenye boksi la chai.

Huko intaneti alipata wenzake. Kumbe kuna watu kazi yao ni kupiga picha vioo vya kompyuta zao na kuonyeshana. Wanaume wazima, wenye ndevu zao, wanasifiana rangi. "Hiyo kijivu yako imetulia sana." Stoo naye akataka kijivu iliyotulia. Akaweka nyeusi, juu yake kijivu, juu ya kijivu herufi za kijivu nyingine, nyembamba kama miguu ya mbu. Madirisha akayafanya ya kupenya, unaona cha mbele na cha nyuma kwa pamoja, yaani huoni chochote. Pembeni akaweka vinamba vidogo vinavyosema mashine ina joto kiasi gani na imetumia kumbukumbu kiasi gani. Akawa anakaa mbele yake, mikono mapajani, anavitazama vile vinamba kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

"Leo imeamka imetumia kumbukumbu kidogo kuliko jana," anamwambia mkewe.

"Imefanya kazi gani?"

"Bado."

"Hata mimi nisipofanya kazi sili sana."

Akikutana na Mwenyekiti ngazini, hiyo hiyo: "Siku hizi haili kabisa." Kama mtu anayejisifu kwa jirani kwamba ng'ombe wake hamsumbui kwa majani, ana kwato na mbavu tu. Mwenyekiti akamwuliza matangazo ya mwezi huu yako wapi. Stoo akajikohoza. "Tunalishughulikia."

Sasa juu ya paa la jengo kuna tangi la maji la wote. Chini ya paa, ghorofa ya mwisho, anakaa Mshonaji. Chumba chake ni mashine mbili za kushona, vitambaa mpaka kwenye friji, na ulimi ambao hauhitaji mkasi. Maji yakaanza kumdondokea. Yeye akasema tangi limepasuka. Watu wa chini, ambao hawadondokewi na kitu, wakasema ni mvua. Akasema mvua gani ya kiangazi? Wakasema ni unyevunyevu. Basi kamati ikamtuma Katibu apande na simu yake, apige picha za tangi, azihifadhi kwenye kompyuta ya jengo, na kwenye mkutano wa mwaka kila mtu azione ukutani waamue kama linabadilishwa.

Stoo akapanda. Akashuka ana vumbi magotini na fahari usoni. Picha akazihamishia kwenye kompyuta, na akazifuta kwenye simu. Sababu? Simu kila mtu anajua kuifungua.

Mshonaji akaja kubisha, sindano ingali imechomekwa kifuani kwenye blauzi.

"Katibu, nionyeshe picha."

"Utaziona mkutanoni, mama."

"Maji yananidondokea leo. Nina gauni la harusi la mtu limelowa maji ya kutu mgongoni, ataolewa na kutu?"

"Kuna utaratibu."

"Utaratibu gani, kaka yangu? Fungua nione, nishuke nazo, nimwonyeshe huyu wa chini anayesema unyevunyevu."

Stoo akafungua kompyuta, lakini akaigeuza kidogo, kama mtoto anayeficha hesabu zake. Mshonaji akachungulia.

"Mbona imezima?"

"Imewaka."

"Iko wapi hiyo iliyowaka?"

"Unaiona. Ni nyeusi."

"Na vitu?"

"Vipo."

"Wapi?"

"Ngoja," akasema Stoo. Na nilikuwa nimekaa pale pale, niliuona uso wake. Zile mbavu zake zilitanuka. Akagusa vitufe viwili vitatu, madirisha yakapita yakififia, na akaifunga. "Mkutanoni."

Mshonaji akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama wifi. "Haya. Kalia," akasema, akaondoka na sindano yake.

Mlango ulipofungwa Stoo akasimama katikati ya chumba. "Mmemwona huyo? Anakitaka kiti changu."

"Anataka gauni lisilowe," mkewe akasema.

"Wewe hujui siasa."

"Nakujua wewe, inatosha."

Hakusikia. Alikwisha kuona kila kitu kichwani mwake: Mshonaji amekaa na kompyuta mapajani, watu wanampandia ngazi, "Katibu, habari za asubuhi," na yeye, Stoo, anapita pembeni na mfuko wa nyanya. Akakaa, akamaliza kazi. Kulikuwa kumebaki mlango mmoja tu, ule wa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ikaja orodha. Akaufunga. Na kwa kuwa alitaka vile vinamba vishuke tena kidogo, akaondoa na vifaa ambavyo aliona havina kazi nyumbani. Kimoja kilikuwa cha kupanga kioo cha pili, ukiunganisha projekta. Alisema projekta ya nini, hapa sebuleni? Ukuta wa mkutano alishausahau.

Nia yake ilikuwa nyepesi kuliko hata ile kompyuta. Wakimchagua mwingine, huyo mwingine atakuta weusi mtupu. Watahangaika, watapanda, watabisha. Na yeye atainuka polepole, atafute miwani.

Mkutano ukawa mchana, pale chini magari yanapoegeshwa, katikati ya nguzo, jua linaingia pande zote. Watu wameshuka na viti vyao vya plastiki. Mwenyekiti ameazima projekta kwa mwalimu anayekaa mtaa wa nyuma, ameiweka juu ya meza, inatazama ukuta mweupe. Stoo akashuka na tai. Ile ile ya kustaafu. Kompyuta ameipakata kama mtoto wa ubatizo, anawaambia watu, "Tahadhari, tahadhari," na hakuna aliyekuwa karibu naye.

Akaunganisha waya. Ukuta ukabaki mweupe.

Akabonyeza. Mweupe. Akachomoa, akachomeka. Watu wakaanza kupepea na kofia. Jasho likamtoka Stoo chini ya tai, kwa sababu hapo ndipo alipokumbuka ule usemi wake wa sebuleni. Kile kifaa cha kupanga kioo cha pili hakipo. Alikitupa mwenyewe kwa sababu kinakula. Akafungua dirisha la kuandika amri, akaanza kuandika amri ndefu kwa kichwa, akakosea, akaandika, akakosea. Herufi zile za kijivu, kwenye jua lile, alikuwa haoni anachoandika. Alikuwa amekiinamia kioo mpaka pua inakigusa.

"Katibu, unanusa nini?" akauliza mtu nyuma.

Ghafla kioo chake kikazima na ukuta ukapata kitu. Ukawa mweusi. Si mweusi sana, maana jua lilikuwa linaukata. Ukawa na rangi ya maji ya kudekia. Basi. Hakuna herufi, hakuna picha. Watu wakautazama kwa heshima kidogo, wakadhani kuna kitu kinakuja.

"Ndiyo picha ya ndani ya tangi?" akauliza Mshonaji.

Pale chini palilipuka kwa kicheko. Hata Mwenyekiti, aliyejaribu kujizuia, alipiga honi mbili. Stoo akabonyeza vitufe vyake vya siri, kimoja baada ya kingine, na kwenye weusi ule madirisha meusi yakafunguka juu ya madirisha meusi, nani atayaona? Yeye mwenyewe hakuyaona.

Mwenyekiti akamhurumia. Nasema kweli, alimhurumia. "Tulieni! Mashine ni mashine. Katibu, pumzika kidogo. Mama, wewe una kompyuta ya kutolea mitindo ya nguo, hebu jaribu."

Mshonaji akaja, akafuta mikono kwenye sketi. Akatafuta ukanda chini, hakuna. Akatafuta pembeni, hakuna. Akabonyeza kipanya kushoto, akabonyeza kulia, akabonyeza tena. Akainamisha kichwa.

"Jamani, hii haina pa kuingilia. Mlango uko wapi?"

Hapo Stoo angesema amekosea, mambo yangeisha. Angesema jua, angesema waya, angesema uzee, wangecheka, wangempigia makofi, wangemrudisha kitini. Nani mwingine anataka kubandika matangazo? Kiti kilikuwa bado chake. Alikuwa amekikalia. Lakini aliposikia mtu anauliza mlango uko wapi, mbele ya jengo zima, na yeye peke yake ndiye anayeujua, alishindwa. Kifua kikapanda. Akarekebisha tai.

"Hiyo haiguswi na kila mtu," akasema.

Kicheko kikakatika. Ungesikia maji yanavyodondoka huko juu.

"Rudia," akasema Mwenyekiti, na safari hii hakupiga honi, alisema kwa sauti ya chini, ambayo hatukujua anayo.

"Nasema imepangwa kitaalamu. Ni ya katibu tu."

"Hiyo kompyuta ni ya nani?"

Stoo akarekebisha tai tena.

"Nauliza ni ya nani."

"Ya jengo."

"Na sisi ni nani?"

Mwenyekiti akageukia watu. "Tunachagua katibu. Sasa hivi, kabla jua halijazama na mimi sijasema neno baya. Mama mshonaji?"

"Mimi sitaki," akasema Mshonaji, na akasema kwa namna ambayo hata Stoo aliamini. "Nina magauni ya watu. Nilitaka picha tu."

Stoo akasikia joto la matumaini. Kama huyu hataki, basi nani? Akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu walikuwa wanatazama viatu vyao. Mwenyekiti naye alitazama safu ya mwisho, kwenye nguzo, ambapo amekaa Msinziaji. Huyu ni mlinzi wa zamu za usiku, katika mikutano yote hajawahi kuona mwisho wa hata mmoja. Alikuwa amelala, kidevu kifuani, mikono imefungwa vizuri.

"Nampendekeza yule."

Mikono ikainuka. Ikainuka yote. Wifi yangu naye akainua wake, na mimi wangu, sifichi. Mtoto wa jirani akamtikisa Msinziaji begani.

"Baba, wamekuchagua katibu."

Msinziaji akafungua macho. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," akasema Mwenyekiti. "Ndiyo maana."

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyopokonywa kiti na mtu aliyelala. Alipanda ngazi na kompyuta ya jengo mkononi, na njia nzima hakukuwa na wa kumwita chochote. Nyumbani akakaa kitandani na tai yake.

"Vua tai," mkewe akamwambia. "Unajinyonga bure."

"Watarudi," akasema.

"Watarudi kweli. Kesho. Mwenyekiti kasema umfundishe mwenzako, na urudishe kila kitu ulichoondoa."

Wakaja. Msinziaji ametoka kazini, macho mekundu, na Mwenyekiti nyuma yake, ameziba mlango. Stoo akakaa mbele ya kompyuta, akairudisha sura, kipande kwa kipande, kama mtu anayevalishwa nguo hadharani. Ukanda chini. Kitufe pembeni. Herufi akaambiwa azikuze, akazikuza, akaambiwa bado. Nyeusi akaambiwa aitoe.

"Niweke rangi gani?"

"Ya kuonekana," akasema Mwenyekiti.

Vinamba vya pembeni vikaondoka, na hapo alisita, kidole kimesimama juu ya kitufe, utadhani anazima taa ya chumba cha maiti. Nilimwona. Kidogo roho iliniuma, kisha ikaacha.

Msinziaji akakalishwa kitini. "Picha za tangi ziko wapi?"

"Bonyeza panaposema picha," akasema Stoo, na sauti ilimtoka kama jiwe kwenye kiatu.

Msinziaji akabonyeza. Picha ya kwanza ikajaa kioo kizima, safi, kubwa, kwa rangi zake. Ilikuwa nyekundunyekundu, yenye mistari myembamba iliyopinda. Tukaisogelea sote. Mshonaji alikuwa ameshuka naye, akachungulia juu ya bega la Mwenyekiti.

"Hicho ni kidole gumba," akasema.

Ya pili, kidole gumba na kipande cha anga. Iliyofuata, kiatu cha Stoo. Iliyofuata, kidole gumba tena, safari hii kimekaa sawasawa, hata kucha inaonekana haijakatwa. Picha zote zilikuwa hivyo. Pembeni mwa mojawapo kulikuwa na kitu cha duara ambacho ukikipenda sana unaweza kukiita tangi.

"Katibu," akasema Mshonaji taratibu, na sijui kwa nini alimwita hivyo, "wewe hizi picha hukuwahi kuzifungua?"

Hakuwahi. Muda wote ule, rangi za kijivu, madirisha ya kupenya, vitufe vya siri, mlango uliofungwa kwa kufuli la akili yake yote, na ndani alikuwa amefungia dole gumba. Alilitazama kwenye kioo, akalitazama mkononi. Akaliingiza mfukoni.

Msinziaji akainuka, akapanda paani na simu yake, akashuka na picha za ufa unaopitisha kiganja. Mchana huohuo aliyesema unyevunyevu akaonyeshwa, akanyamaza, na tangi likabadilishwa. Matangazo sasa yanabandikwa. Msinziaji huyaandika asubuhi akitoka lindo, kabla usingizi haujamkamata, na akichelewa mtu yeyote anapanda, anakaa, anaandika lake. Stoo anashuka ngazini kwa mwendo wa kawaida wa magoti yake. "Shikamoo, mzee," wanamwambia. Anaitika. Ameniomba nimnunulie flashi. Nimemwambia achukue mfuko aende sokoni, ajaribu nyanya.

Basi nimeandika, na mkono unauma. Sasa ni zamu yako wewe uliyekaa kusoma. Inuka. Mwite mtu wa nyumbani kwako, yule unayependa kumwambia ngoja, mkalishe mbele ya kompyuta yako, mwambie atafute kitu cha nyumba nzima, chochote, na wewe ufunge mdomo na mikono uikalie. Ukimaliza niandikie ilikuwaje. Kwa kalamu, herufi kubwa, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Ukiniletea kijivu naitupa.